Kubadilisha au Kufumua Gia Boksi ya Otomatiki kwenye Pikapu ya Zamani: Mwongozo Kamili

Gia boksi ya otomatiki haifi yenyewe. Huuawa na joto, presha ndogo ya oili au uchafu, na ukifunga nyingine bila kuondoa kilichoua ya kwanza, ya pili nayo haitadumu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa kwa muda kwenye mambo matatu ambayo hupitwa haraka gereji: uchunguzi kabla ya kushusha, kipoza oili, na namna ya kuikalisha toki konveta, ile ngoma ya oili inayopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi. Kufungua bolti ni jasho tu. Makosa ya gharama hufanyika kwenye hayo matatu.

Maelezo yanahusu pikapu zenye chesisi, injini mbele na difu nyuma, za kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Humo utakuta TH350, TH400, 700R4 na 4L60E za General Motors, C6, AOD na E4OD za Ford, TorqueFlite 727 ya Chrysler, na A340 kwenye Toyota. Kanuni ni zile zile kwa zote. Panapotofautiana tumetaja aina, na palipo na kipimo cha aina moja tu, usikihamishie kwenye nyingine.

Kwanza hakikisha imekufa kweli

Pima oili gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa ya moto na inanguruma, mkono wa gia ukiwa P. TorqueFlite za zamani hupimwa kwenye N, kwa kuwa kwenye P pampu haipeleki oili kwenye konveta na kipimo kitakudanganya. Oili ikipungua lita 1 tu, gia huchelewa kuingia, hasa asubuhi, na gari linaweza kuteleza kwenye kona au mlimani. Nyingi zimeshushwa kwa kosa la lita moja.

Kisha tazama rangi na unuse. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Ya kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua ina maana pleti za klachi zimeungua. Ya waridi nzito kama maziwa ina maana maji ya radieta yameingia kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya radieta, ambacho kimetoboka, na hapo hakuna kuokoa kwa kumwaga na kujaza upya. Maji yenye kupooza injini huyeyusha gundi inayoshika utando wa msuguano juu ya pleti, na utando utabanduka hata kama gari bado linatembea vizuri leo.

Baada ya oili, kagua vitu vya nje vinavyoiga ugonjwa wa ndani. TH350, TH400 na C6 zina modyuleta, kifaa kinachorekebisha presha kwa kutumia mvuto wa hewa wa injini. Chomoa paipu yake ya mpira. Ukikuta oili nyekundu ndani ya paipu, ngozi ya modyuleta imepasuka na injini inainywa oili ya gia boksi. Ndiyo sababu oili inapungua bila tone chini, na ekzosi inatoa moshi mweupe. Paipu ikiwa imepasuka, gia zitabadilika kwa kuchelewa na kwa kishindo. Hilo linaponywa kwa kipande cha mpira.

700R4, AOD na A340 zina kebo inayotoka kwenye mkono wa mafuta. Kwenye 700R4 kebo hii ndiyo inayoamua presha yote ya ndani. Ikilegea, presha hubaki chini wakati injini inavuta kwa nguvu, na klachi ya gia ya 3 na ya 4 huungua mapema sana, wakati mwingine siku ile ile. Mtu akikuambia 700R4 ilijengwa vizuri na bado ikaungua, anza kwa kuuliza kuhusu kebo na karabureta, hasa kama karabureta ilibadilishwa na mkono wake una urefu tofauti.

Kwa zile za umeme, soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kabla ya kugusa spana. 4L60E ikikosa umeme, kwa mfano fyuzi ikiungua, hubaki gia ya 3 tu kwenda mbele na huingia kwa kishindo, kwa sababu solenoidi (valvu za umeme) zote mbili za kubadilishia gia zikizimwa gia inayopatikana ni ya 3. Dereva ataapa gia boksi imekufa, kumbe ni fyuzi. Kodi P1870 kwenye aina hiyo huelekeza kwenye tundu lililolika la valvu inayoongoza kufunga kwa konveta ndani ya valvu bodi (bamba lenye njia na valvu za oili), na kwa hiyo kubadilisha solenoidi peke yake hakutasaidia.

Mwisho wa uchunguzi ni geji ya presha inayofika psi 300 au zaidi, ifungwe kwenye tundu la plagi lililo kando ya bodi (ganda) ya gia boksi. Kwenye nyingi, injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, utaona psi 55 hadi 80, na kwenye rivasi itakuwa juu zaidi. Presha ikiwa chini kila mahali, tafuta filta iliyoziba, sili ya filta iliyotoka mahali pake, valvu ya kurekebisha presha, au pampu iliyolika. Presha ikiwa nzuri na bado gari linateleza, tatizo limo kwenye klachi au sili za pistoni, na sasa una haki ya kushusha.

Fungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya gia boksi, kabla ya kuamua. Utope mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida kwa gari la zamani. Vipande vyeusi vinavyofanana na karatasi iliyoungua ni utando wa pleti. Unga wa rangi ya dhahabu ni bushi zinazokwisha. Vijiti na vigae vya chuma kigumu ni planetari (seti za gia za ndani) au beringi, na hapo hata bodi yenyewe inaweza kuwa imeumia.

Dalili zenyewe pia husema. 4L60E iliyopoteza gia ya 3 na ya 4 lakini ina ya 1, ya 2 na rivasi, imeunguza pakiti ya klachi ya 3-4. Iliyopoteza ya 2, ya 4 na rivasi kwa pamoja, huku ya 1 ikibaki, karibu kila mara imevunja kikombe cha chuma kinachoendesha gia ya katikati ya planetari, kiitwacho sanshel: meno yake yamekatika shingoni. Uzima wa pleti hapo si hoja, lakini chembe za chuma zimeshasambaa.

Kujenga, kununua iliyojengwa, au kufunga iliyotumika

Iliyotumika ni bahati nasibu, na ushauri wetu ni kwamba isifungwe kamwe bila kufungua sampu yake, kuweka filta mpya, sili mpya ya mbele na ya nyuma, na kuisukuma hewa kama tutakavyoeleza chini. Hayo yote ni rahisi ikiwa juu ya meza na ni mateso ikiwa chini ya gari.

Kuitambua, hesabu bolti za sampu. TH350 na TH400 zina 13, lakini sampu ya TH350 ni mraba uliokatwa kona moja, na ya TH400 ina umbo lisilo na mpangilio. 700R4 na 4L60E zina 16. C6 ina 17, TorqueFlite 727 ina 14. Jina kufanana hakutoshi kwa zile za umeme. 4L60E ilianza 1993 na belihauzi (kengele ya mbele inayofungwa kwenye injini) ikiwa kipande kimoja na bodi; kuanzia 1996 zikaanza kutoka zenye belihauzi ya kufunguka kwa bolti, na nyaya na solenoidi zilibadilika katikati ya miaka hiyo. Chukua iliyotoka kwenye mwaka na injini kama yako, na linganisha soketi ya waya pini kwa pini. Pima pia urefu wa mkia: pikapu za injini moja zinaweza kuwa na propela shafti zenye urefu tofauti.

Vifaa

Jeki ya gia boksi yenye mnyororo si anasa. Gia boksi hizi zina uzito wa kuanzia kilo 55 kwa TH350 hadi zaidi ya 100 kwa E4OD, na konveta juu yake. Jeki ya kawaida ya gari ina kikombe kidogo, na gia boksi hugeuka juu yake bila onyo. Pamoja nayo andaa stendi 4 imara, ekstensheni za soketi zinazounganika kufikia sentimita 60 hadi 90 pamoja na kiungo cha kukunja kwa ajili ya bolti za juu, spana za paipu za kushika nati pande zote, na spana mbili za toki: kubwa, na ndogo inayopima kuanzia Nm 5. Hiyo ndogo ndiyo itakayookoa nyuzi za aluminiamu.

Oili nunua lita 12 kwa gia boksi kavu yenye konveta mpya; nyingi humeza lita 9 hadi 11. Aina ya oili fuata kitabu cha gari. Dexron VI ilichukua nafasi ya Dexron III na inaruhusiwa kwenye gia boksi za General Motors za zamani. C6 za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 ziliundwa kwa Type F, ambayo haina kiongeza cha kulainisha mshiko. Usichanganye tu kwa sababu zote ni nyekundu.

Kushusha

Toa waya hasi wa betri. Inua gari hadi gia boksi ikiwa juu ya jeki iweze kupita chini ya chesisi. Kwa kawaida inahitaji sentimita 50 hadi 60 chini ya reli. Liweke kwenye stendi 4, lisukume kwa nguvu ukiwa nje kabla hujaingia chini, na uliwekee vizuizi.

Kabla ya kwenda chini maliza kazi ya juu: toa kijiti cha kupimia oili na bomba lake, achia kebo ya mafuta, na fungua bolti za juu za belihauzi zinazofikika. Kama distributa iko nyuma ya injini, kama ilivyo kwenye V8 za Chevrolet, toa kofia yake. Nyuma ya injini itainama utakapotoa krosmemba (boriti inayobeba gia boksi), na kofia hiyo itagonga ukuta na kupasuka. Mbele nako angalia feni isiume kava la radieta.

Chini, mwaga oili kwanza. Weka alama ya rangi kwenye propela shafti na flanji ya difu ili irudi ilivyokuwa, kisha ichomoe na ufunge tepu kwenye vikombe vya krosi. Kikombe kikidondoka, sindano za beringi zake hutawanyika. Achia mkono wa gia, kebo ya spidomita, soketi za nyaya, na paipu mbili za kipoza. Paipu hizi fungua kwa spana mbili, moja ikishika kiungo kilichomo kwenye bodi, la sivyo paipu itajisokota na kukatika. Kipande cha ekzosi kinachopita chini ya gia boksi nacho kitoke. Kama gari lina gia za magurudumu manne, shusha kwanza gia boksi ndogo ya nyuma. Kuziteremsha zote mbili zikiwa zimeungana ni hatari.

Toa stata na kava la vumbi. Sasa utaona fleksipleti, ile sahani nyembamba ya chuma iliyo mahali pa flaiwili. Weka alama inapokutana na konveta, kisha fungua bolti moja baada ya nyingine huku ukizungusha krenki kwa soketi kubwa kwenye puli ya mbele. 4L60E ina 3, TorqueFlite 727 ina 4, C6 ina nati 4, A340 ina bolti 6. Konveta ikiwa huru, isukume nyuma kuelekea gia boksi mpaka uone pengo. Isiposogea, kitovu chake cha katikati kimeshikwa na kutu kwenye krenki. Uifungue kwa subira na mafuta ya kulainisha kutu, kwa kuwa ukivuta gia boksi huku imeng'ang'ania, konveta itabaki kwenye injini na oili yote itakumwagikia.

Shika injini kwa jeki ya pili yenye ubao mpana chini ya sampu ya injini. Funga gia boksi kwa mnyororo kwenye jeki yake, inua kidogo, toa maunti na krosmemba, shusha kidogo ili ufikie bolti za juu zilizobaki. Bolti mbili za pembeni ziwe za mwisho. Ikishaachana na pini za kuelekezea, vuta nyuma ikiwa imelala sawa, mkono mmoja ukishikilia konveta.

Nafasi iliyo wazi mbele yako

Safisha fleksipleti na uichunguze karibu na bolti za krenki. Nyufa huanzia hapo na hulia kama injini inagonga. Angalia meno yote ya ringi. Gusa pini mbili za kuelekezea nyuma ya bloku. Zikikosekana, belihauzi haitakaa katikati, bushi ya pampu italika upande mmoja, sili ya mbele itavuja, na fleksipleti itapasuka tena. Sili ya nyuma ya krenki ikiwa na unyevu, badilisha sasa.

Kufumua na kujenga

Hapa panahitaji usafi kuliko nguvu. Meza safi, hakuna vitambaa vinavyoacha nyuzi, hakuna pamba. Uzi mmoja unatosha kukwamisha valvu ya kipenyo cha milimita 10.

Kabla ya kutoa chochote, pima uhuru wa shafti ya mbele kwa dayali geji. Kwenye 4L60E unatakiwa uwe milimita 0.13 hadi 0.92. Namba hii itakuambia kama washa zimelika. Kisha panga kila kinachotoka mezani kwa mfuatano na upande ule ule kilivyokuwa kikitazama, na upige picha. Mipira midogo ya chuma ya valvu bodi ndiyo inayopotea zaidi: ukiinua valvu bodi gari likiwa juu, mingine hudondoka kabla hujaona ilikokuwa. Idadi na mahali pake hubadilika kwa mwaka hata ndani ya aina moja, hivyo mchoro wa mwaka wako ndio wa kuamini.

Seti kamili iwe na pleti za utando na pia za chuma. Seti za bei nafuu hukosa za chuma, na pleti mpya juu ya chuma chenye madoa ya bluu ya joto haitashika vizuri. Ongeza bushi zote, bendi, filta na sili. Kwenye 4L60E weka sanshel iliyoimarishwa bila kujadili, hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwa kuwa hutaki kufungua tena kwa kitu hicho kimoja.

Usibadilishe pleti zilizoungua kabla ya kujibu kwa nini ziliungua. Kwa pakiti ya 3-4 ya 4L60E, chunguza sili za pistoni, ufa kwenye pistoni za aluminiamu, ringi za shafti ya mbele na gruvu zake, na mpira mdogo wa chuma wa kutolea oili uliomo ndani ya ngoma. Kikombe cha mpira huo kikilegea, oili huvuja kila klachi inapokaza, presha haijengeki, na pleti mpya zitaungua kama za kwanza. Angalia pia kama tundu za valvu kwenye valvu bodi zimelika: valvu kavu na safi inapaswa kuteleza kwa uzito wake ukiinamisha valvu bodi.

Loweka pleti za utando kwenye oili safi ya gia boksi kwa dakika 30 au zaidi. Pleti kavu huungua kwenye mbadiliko wa kwanza. Zipange kwa kupokezana na za chuma, funga saklipu, kisha pima uwazi kwa fila geji. Kanuni ya jumla ni milimita 0.25 kwa kila pleti ya utando: pakiti ya pleti 6 ipate kama milimita 1.5. Thibitisha na kitabu cha aina yako. Uwazi mdogo mno huburuza pleti na kuzichoma gari likiwa gia nyingine. Mkubwa mno hufanya pistoni isafiri mbali na gia ichelewe. Rekebisha kwa pleti ya mwisho au saklipu ya unene tofauti.

Sili za midomo za pistoni huingia kwa kuelekea presha inakotoka. Zipake oili, ingiza pistoni ukizungusha huku kipande chembamba cha plastiki au waya laini kikikunja mdomo uingie. Ukihisi kikwazo, toa uanze upya. Ukisukuma kwa nguvu umeukata mdomo na hutaona mpaka gari liwe barabarani. Kushikilia mipira na washa tumia mafuta ya mgando au grisi maalumu ya gia boksi. Grisi ya beringi za magurudumu haiyeyuki kwenye oili, nayo itaziba tundu ndogo na filta.

Nusu mbili za pampu zifungwe kwa mkanda wa chuma kuzizunguka ili ziwe sawa kabla ya kukaza. Zikipishana, pampu haitaingia kwenye bodi au itakwaruza. Valvu bodi ikaze kutoka katikati kwenda nje. Kwenye 4L60E bolti zake ni Nm 11, sawa na za sampu.

Kabla ya kufunga valvu bodi, puliza hewa kavu ya psi 30 hadi 40 kwenye njia ya kila klachi. Klachi nzuri hutoa kishindo kizito kimoja na hewa haipiti. Ukisikia mluzi mrefu bila kishindo, sili imekatika. Jaribio hili huchukua dakika 5 na ndilo linalotenganisha kazi inayokamilika na kazi ya kurudia.

Kipoza oili na paipu zake

Uchafu wote wa gia boksi iliyokufa umelala kwenye kipoza. Ukiacha, dakika za kwanza za injini kuwaka utaupeleka wote ndani ya gia boksi mpya. Sukuma kisafishio kinyume na mwelekeo wa oili, kisha kwa mwelekeo wake, ukipokezana na hewa, mpaka kinachotoka kiwe safi kwenye kitambaa cheupe. Kausha kwa hewa, kisha pitisha oili safi.

Vipande vya chuma vikiwa vimeonekana kwenye sampu, kipoza cha vijibomba vyembamba sana hakisafishiki kikamilifu: kibadilishe. Kama oili ilichanganyika na maji, radieta yenyewe ibadilishwe. Kwa gari linalovuta trela, ongeza kipoza cha nje baada ya kile cha radieta. Oili ikipita nyuzi 115 za sentigredi huanza kuacha utando wa gundi kwenye valvu, na ikikaribia 130 sili za mpira hugeuka ngumu.

Konveta ya zamani nayo ni jaa la uchafu. Haina mlango wa kuioshea. Iliyotoka kwenye gia boksi iliyoungua au iliyosagika hairudi ndani: weka mpya, au iliyokatwa, kusafishwa na kuchomelewa upya na fundi mwenye mashine ya kuisawazisha.

Konveta na kupandisha

Mimina lita 1 ya oili ndani ya konveta mpya, paka oili shingo yake na sili ya mbele. Ukiwa umeinamisha gia boksi ili belihauzi itazame juu, ishushe taratibu ukizungusha na kuibonyeza. Itadondoka kwa hatua 3: meno ya shafti ya ndani, meno ya shafti ya steta, kisha mikato ya shingo kwenye gia ya pampu. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Pima kutoka ukingo wa belihauzi hadi kwenye vikao vya bolti vya konveta, na uandike. Konveta ikichomoka kidogo wakati wa kupandisha, utajua.

Pandisha ikiwa sambamba na injini, pini za kuelekezea ziingie, na belihauzi ikae kwenye bloku kwa mkono, pande zote. Bolti si za kuvutia gia boksi. Pengo likibaki, konveta haijakaa. Ukikaza, gia ya pampu itapasuka hata kabla injini haijawaka. Sheria hii haina ubaguzi.

Kaza belihauzi, Nm 47 kwa bolti za inchi 3/8 za General Motors. Sasa zungusha konveta kwa mkono. Izunguke huru, na ikisukumwa nyuma kabisa iache milimita 3 hadi 5 kati yake na fleksipleti. Pasipo nafasi kabisa, toa gia boksi. Ikizidi milimita 5, weka washa za unene sawa kila bolti. Kwenye C6 plagi ya kumwagia oili ya konveta iingie kwenye tundu lake la fleksipleti; kwenye TorqueFlite 727 tundu moja limehamishwa makusudi, hivyo konveta hukaa mkao mmoja tu. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, kisha kaza: Nm 62 kwa General Motors. Tumia bolti za asili, kwa kuwa ndefu kidogo tu itatoboa konveta.

Yaliyobaki ni kurudisha kinyume: krosmemba, paipu, nyaya, propela shafti kwa alama zake. Kebo ya 700R4 irekebishwe injini ikiwa imezimwa: bonyeza kitufe cha kurekebisha, rudisha kebo nyuma yote, achia kitufe, kisha fungua mkono wa karabureta hadi mwisho, kebo itajipanga yenyewe kwa milio ya kukwaruza. Hakikisha mkono umefika mwisho kwa kukanyaga pedali, kwa kuwa zulia linaweza kuuzuia.

Kujaza na kuwasha

Mimina lita 4 hadi 5 kabla ya kuwasha. Washa, na uendelee kumimina nusu lita nusu lita mara moja, kwa kuwa pampu inajaza konveta na sampu inabaki kavu. Acha inanguruma, usikanyage mafuta. Magurudumu ya nyuma yakiwa juu, breki imekanyagwa, pitisha kila gia na ukae sekunde chache kwenye kila moja, kisha pima na uongeze.

Pima mtiririko wa kipoza: chomoa paipu ya kurudi, ielekeze kwenye ndoo, acha injini inanguruma. Lita 1 itoke ndani ya sekunde 20 hadi 30. Ikitoka kidogo, kuna kizuizi, na gia boksi itakosa ulainishaji hata kama gari linatembea, kwa sababu oili inayorudi kutoka kwenye kipoza ndiyo inayolainisha bushi na planetari.

Oili iliyopanda hadi juu ya alama itapigwa na sehemu zinazozunguka, itajaa povu, na povu halina presha. Ukizidisha, toa.

Barabarani

Anza kwa kukanyaga kidogo na gari lipite gia zote mara kadhaa, kisha kwa nguvu ya wastani. Klachi zinazobadilika kwa uthabiti ndizo nzima. Zinazobadilika kwa ulaini wa kupitiliza, huku mzunguko wa injini ukipanda kati ya gia, zinateleza. Simama, zima, angalia kebo au geji ya presha. Kuendelea kuendesha ili uone kama itajirekebisha ndiyo njia ya haraka ya kuunguza pleti mpya. Kwa zile za umeme, kompyuta yenye kumbukumbu ya gia boksi ya zamani inaweza kuongeza presha kupita kiasi. Ifutwe kwa mashine ya kodi, kisha gari liendeshwe kilomita kadhaa lijifunze upya.

Usivute trela kwa kilomita 800 za kwanza. Baada ya hizo, mwaga sampu, badilisha filta, na usome kilichomo kwenye sumaku. Utope mwembamba ni wa pleti kukaa. Ukiona kigae cha chuma chenye kung'aa, usikifute na kuendelea: tafuta kimetoka wapi, ukianza na kipoza, kabla ya kujaza oili nyingine.